Mchanga Uliookoa Altona

Mtu aliyepita barabara ya Schulterblatt mwezi Agosti 1892 asingejua kwa macho kwamba anatembea mpakani. Upande mmoja ulikuwa Hamburg, mji wenye seneti yake, bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani na wakazi zaidi ya 600,000. Upande wa pili ulikuwa Altona, mji wa Prussia wenye watu wapatao 140,000. Nyumba za huku na huko zilifanana, na mafundi, wachukuzi na madobi walivuka mpaka huo kila siku bila kuuwaza. Tofauti ilikuwa chini ya ardhi: kila mji ulikuwa na mabomba yake.

Kipindupindu kilipokwisha, Hamburg ilikuwa imezika watu 8,605. Altona ilizika mia tatu na ushei, na wengi wa hao, kwa maelezo ya madaktari wa wakati ule, waliupatia ugonjwa Hamburg walikokwenda kufanya kazi.

Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Tena Altona ndiyo iliyokaa vibaya. Hamburg ilivuta maji yake upande wa juu, kabla mto haujapita mjini. Altona iliyavuta upande wa chini, baada ya Hamburg nzima kumwaga humo majitaka yake. Yeyote angekadiria kwamba mji wa chini ndio utakaoteketea. Uliteketea wa juu, na sababu yake inaanzia nusu karne nyuma, kwenye vikao vya bajeti.

Hamburg ilipata mabomba yake kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1842 moto ulizuka katikati ya mji, ukawaka kwa siku tatu na kuacha watu wapatao 20,000 bila makazi. Wakati huo alikuwapo William Lindley, mhandisi Mwingereza aliyekuja kujenga reli ya kwenda Bergedorf. Reli yenyewe ilikuwa haijazinduliwa. Safari zake za kwanza zilikuwa za kuwahamisha waliounguliwa nyumba. Baada ya moto, Lindley alipewa kazi ya kuupanga mji upya. Akachimba mfumo wa majitaka uliokuwa wa kwanza wa aina yake katika bara la Ulaya, na huko Rothenburgsort, juu ya mto, akajenga mtambo wa maji ulioanza kazi mwaka 1848.

Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kujivunia. Maji yalipanda mpaka ghorofani, na mifereji ikapeleka uchafu mtoni. Lakini maji hayo hayakuchujwa. Yalitulizwa tu katika mabwawa ili tope lizame. Mji ulipokua, mabwawa hayakutosha, na maji yakawa yanapita kabla hayajatulia. Lindley alipendekeza vichujio vya mchanga; wakubwa wakaona gharama.

Wenyeji walizoea kuona viumbe vikitoka bombani. Mtaalamu wa wanyama Karl Kraepelin aliyachunguza mabomba ya mji katikati ya miaka ya 1880, akakuta makumi ya aina za wadudu, konokono, kome na sifongo waliokuwa wakiishi ndani yake, bila kusahau mikunga wadogo. Waliosoma matokeo yake walicheka, wakafunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba, maisha yakaendelea.

Tatizo kubwa halikuonekana kwa macho. Elbe, japo Hamburg iko mbali na bahari, ni mto unaosikia maji kupwa na maji kujaa. Maji yakijaa, mkondo hugeuka na kupanda juu, na majitaka yaliyokwisha kumwagwa chini yalirudi kuelekea pale pale maji ya kunywa yalipovutwa. Kuvuta maji juu ya mji kulikuwa na maana kwenye ramani tu. Mtu wa Pangani au wa Rufiji angeuliza habari za maji kujaa siku ya kwanza.

Kwa nini mji tajiri namna ile ulikaa zaidi ya miaka 40 bila vichujio? Umaskini hauwezi kutajwa. Nyumba za biashara za Hamburg zilifika hadi Zanzibar: kampuni ya O'Swald ilinunua huko kauri kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha, na mwaka 1859 miji ya Kihansa, Hamburg ikiwamo, ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani. Fedha ilikuwapo. Lakini waliokaa kwenye seneti na kwenye baraza la mji walikuwa wafanyabiashara, wanasheria na wenye nyumba za kupangisha, na kila pendekezo la vichujio lilikwama kwenye swali la nani atalipa. Wengine walitaka kwanza kila nyumba ifungwe mita ili maji yasipotezwe. Wenye nyumba hawakutaka kuzisikia mita. Mjadala ukapigwa danadana mwaka hadi mwaka.

Sayansi nayo iliwapa mahali pa kujificha. Max von Pettenkofer wa Munich, bingwa wa afya ya jamii aliyeheshimika Ulaya nzima, alishikilia kwamba kipindupindu hutokana na hali ya udongo na unyevu wa mahali, na kwamba maji ya kunywa si mhusika mkuu. Kwa bandari, fundisho hilo lilikuwa tamu: halikudai vichujio, na liliifanya karantini ya meli ionekane usumbufu usio na maana. Mtafiti wa vijidudu Robert Koch alipomwona mdudu wa kipindupindu kwa darubini huko Misri na Calcutta, miaka ya 1883 na 1884, Hamburg haikukurupuka. Uamuzi wa kujenga vichujio ulipita mwaka 1890, na kipindupindu kilipoingia, kazi ilikuwa bado inaendelea.

Altona haikuwa na wasomi zaidi ya Hamburg. Mtambo wake wa maji ulianza mwaka 1859, wakati mji huo ungali chini ya mfalme wa Denmark, na hakuna aliyekuwa anajua habari za vijidudu. Waliojenga walikuwa na shida ya wazi zaidi: maji ya Elbe mahali pale yalikuwa machafu kiasi kwamba hakuna mtu ambaye angekubali kuyalipia. Kwa hiyo walikwenda Blankenese, wakaweka mitambo ya mvuke kandokando ya mto, wakayasukuma maji mpaka kilima cha Baursberg, wakayapitisha kwenye mchanga huko juu, kisha yakateremka yenyewe kwa bomba hadi mjini. Unyonge wa kukaa chini ya jirani mkubwa ndio uliowalazimisha kufanya lililo sawa.

Ufundi wenyewe haukuwa mgeni. John Gibb, mwenye kiwanda cha kupausha vitambaa huko Paisley, Scotland, alichuja maji kwa mchanga na kuwauzia watu wa mji mwaka 1804. James Simpson alijenga chujio kubwa kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea, London, mwaka 1829. Sheria ya mwaka 1852 iliyalazimisha makampuni ya London kuchuja maji ya mtoni kabla ya kuyasambaza. Altona ilichukua kitu kilichokwisha kujaribiwa na kukilipia.

Kwa nje, chujio la aina hiyo halina ajabu. Ni bwawa lililojengewa, lenye mifereji ya kukusanyia maji chini kabisa. Juu yake mawe, kisha changarawe inayozidi kuwa ndogo, kisha mchanga safi unaokaribia kina cha mita moja. Maji huingizwa yakasimama juu ya mchanga, halafu huachwa yashuke yenyewe, polepole, kiasi cha sentimita 10 kwa saa. Chujio jipya halifanyi kazi ya maana siku za kwanza. Baada ya muda uso wa mchanga hujivika utando mwembamba, wa utelezi, wenye rangi ya kahawia au kijani: mwani, tope laini, bakteria, na viumbe wadogo wanaokula bakteria. Utando huo ndio chujio lenyewe. Vijidudu vya maradhi hunaswa humo na huliwa humo.

Utando ukizidi unene, maji hukataa kupita. Hapo bwawa hukaushwa, vibarua huingia na sepeto, hukwangua sentimita moja au mbili za juu, na maji hurudishwa. Maji ya kwanza baada ya kukwangua hayafai kupelekwa kwa watu. Hayana budi kumwagwa mpaka utando ujijenge tena. Anayeharakisha hatua hiyo kwa sababu mji unalia kiu huwa anaufungulia ugonjwa mlango.

Majira ya joto ya mwaka 1892 yalikuwa makavu na Elbe ikapungua sana. Kipindupindu kilikuwa kikienea nchini Urusi, na bandari ya Hamburg ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka huko waliosubiri meli za kwenda Marekani. Walilazwa kwenye mabanda kando ya mto, na vyoo vya mabanda hayo vilimwaga mtoni. Katikati ya Agosti mfanyakazi mmoja wa ujenzi aliyekuwa na kazi bandarini alianza kutapika na kuharisha, akafa. Hugo Simon, daktari wa Altona aliyemhudumia, alisema waziwazi kwamba ni kipindupindu. Mkuu wake hakukubali kuandika hivyo bila uthibitisho wa maabara.

Zikapita siku ambazo hazikurudi. Hospitali za Hamburg zilipokea wagonjwa kwa makumi huku madaktari wakihangaika kumwotesha mdudu kwenye vyombo vyao. Wakuu wa mji hawakuwa na haraka ya kutangaza habari ambayo ingezifungia meli zao bandari za dunia. Meli Moravia iliondoka katika siku hizo na abiria wa tabaka la chini. Ilipofika New York mwishoni mwa Agosti ilikuwa imezika watu 22 baharini, wengi wao watoto.

Koch alifika Hamburg tarehe 24 Agosti, ametumwa na serikali ya Berlin. Alitembezwa kwenye vichochoro vya zamani vya mjini, ambako familia zilibanana katika vyumba visivyo na mwanga na vyoo vilishirikiwa na ukoo mzima wa wapangaji, akatoka ameghadhibika. Shule zilifungwa, masoko yakazuiwa, magari ya farasi yakazunguka na mapipa ya maji yaliyochemshwa. Wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka mjini, au walikuwa na watumishi wa kuwachemshia maji. Vifo viliwaelemea zaidi watu wa kipato cha chini, kama kawaida ya ugonjwa huo kila ulipopita.

Kisha Koch akafanya alichokijua vizuri, akahesabu. Alilinganisha miji mitatu iliyopakana: Hamburg, iliyokunywa maji ya mto yasiyochujwa, Wandsbek, iliyokunywa maji ya ziwa yaliyochujwa, na Altona, iliyokunywa maji ya mto yaliyo machafu kuliko yote, lakini yakiwa yamechujwa. Hewa yao ilikuwa moja, udongo mmoja. Nadharia ya udongo ya Pettenkofer ingedai wafe kwa kadiri moja. Ugonjwa ulisimama kwenye mpaka wa mabomba.

Ushahidi uliomfurahisha zaidi ulikuwa uani. Kando ya Schulterblatt, upande wa Hamburg, palikuwa na kundi la nyumba lililoitwa Hamburger Hof, makazi ya wafanyakazi zaidi ya 300. Kiserikali walikuwa watu wa Hamburg, lakini kwa sababu za kifundi nyumba zao zilikuwa zimeunganishwa na bomba la Altona. Kipindupindu kiliwazunguka pande za Hamburg, nao hawakupata mgonjwa hata mmoja.

Pettenkofer hakushawishika. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na umri wa miaka 73, alikunywa mbele ya mashahidi mchuzi uliojaa vijidudu vya kipindupindu kutoka Hamburg. Aliharisha siku chache, akapona, akajihesabu mshindi. Makaburi ya Hamburg hayakumuunga mkono.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa sifa tupu kwa mchanga. Haikuishia. Altona yenyewe iliugua majira ya baridi yaliyofuata. Mwanzoni mwa mwaka 1893, wakati Hamburg ilidhani shari imepita, kipindupindu kilijitokeza Altona na kuwapata makumi kadhaa ya watu. Wachunguzi walikwenda moja kwa moja Baursberg. Mabwawa ya kule yalikuwa wazi, na baridi kali ilikuwa imetanda barafu juu yake. Kukwangua mchanga wakati wa barafu ni kazi ngumu. Chujio moja lililosafishwa katika hali hiyo lilikuwa limeganda na halikuchuja sawasawa, na idadi ya bakteria katika maji ilipanda. Wiki chache baadaye wagonjwa wakaanza kuonekana. Karibu na mji wa Halle, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nietleben, majira hayo hayo ya baridi yaliharibu vichujio vilivyotunzwa ovyo na kuua watu wengi zaidi.

Kutokana na hayo Koch alitoa masharti ambayo yalifuatwa na wahandisi wa maji kwa miongo kadhaa. Maji yashuke kwenye mchanga kwa mwendo usiozidi sentimita 10 kwa saa. Kila bwawa liwe na mahali pake pa kuchotea sampuli, ili kosa la moja lisifichwe na uzuri wa mengine. Sampuli zipimwe kila siku. Maji yenye vijidudu zaidi ya 100 katika sentimita moja ya ujazo yasiingizwe mjini, hata kama yanang'aa kama kioo. Kwa mara ya kwanza, usafi wa maji ya mji ukawa na namba, na namba hiyo ikawa na mtu wa kuulizwa.

Hamburg ilimaliza vichujio vyake katika kisiwa cha Kaltehofe mwezi Mei 1893, kazi ikiwa imeharakishwa kwa hofu. Homa ya matumbo, iliyokuwa ikiua watu mjini kila mwaka bila kelele, ilipungua sana. Mwaka huo huo, ng'ambo ya Atlantiki, mji mdogo wa viwanda wa Lawrence, Massachusetts, ulifungua chujio lake. Nao ulikuwa na jirani wa juu: Lowell, aliyemwaga majitaka yake katika mto Merrimack ambao Lawrence ilikunywa. Matokeo yalikuwa yale yale. Hiram Mills wa Lawrence na J. J. Reincke, mganga wa afya wa Hamburg, kila mmoja kwake, walitambua jambo ambalo hawakulitarajia: vifo vya maradhi mengine pia vilishuka, kuliko ambavyo homa ya matumbo peke yake ingeweza kueleza.

Dawa ya klorini ilikuja baadaye. Mji wa Lincoln, Uingereza, uliitia majini mwaka 1905 ukiwa katikati ya mlipuko wa homa ya matumbo, na tangu hapo miji mingi imetegemea vyote viwili, kuchuja na kutia dawa. Hamburg iliacha kabisa kunywa maji ya Elbe mwaka 1964 na kuhamia maji ya chini ya ardhi. Altona ilikwisha kumezwa na jirani yake mwaka 1938 na leo ni mtaa wa Hamburg. Mtambo wa Baursberg bado unafanya kazi, ila kwa maji ya visima.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na kisa hiki. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilikuwa kimeangusha maelfu ya watu Zanzibar, na daktari James Christie aliyekuwa huko aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1876, akifuatilia njia ugonjwa ulizopita kuingia Pwani. Koch mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akishughulikia malaria. Na chujio la polepole lilikuja kupata watafiti wake hapa hapa: katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo mhandisi T. S. A. Mbwette, walifanyia majaribio vichujio vya changarawe vya kutangulia mchanga, kwa sababu mito yetu ya masika hubeba tope ambalo lingeziba mchanga mtupu kwa siku chache. Ni suluhisho lisilohitaji umeme mwingi wala dawa kutoka nje, na linafaa mji mdogo wenye ardhi na vibarua.

Kwa diwani au mhandisi anayepanga maji ya mji mdogo leo, mambo ya kudai yako wazi. Dakio, mahali maji yanapovutwa mtoni, lichunguzwe kiangazi na masika, na kama mto unasikia bahari, maji kupwa na maji kujaa, kabla ramani haijapigwa muhuri. Fedha za kukwangua, kupima na kukarabati ziandikwe kwenye bajeti siku ile ile inapoandikwa fedha ya kujenga. Na vipimo vya kila siku, vya kila chujio, vibandikwe mahali ambapo mlipa bili anaweza kuvisoma. Mamlaka ya maji isiyoweza kuonyesha namba ya jana isiruhusiwe kusema maji yake ni salama.